Baba anasema ziwa halisomwi kitabuni

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Kigungu, Entebbe. Nauza vipuri vya injini za boti kwenye duka la mtu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hakukaliki, na chanzo ni vitabu.

Siku moja nikiwa Kampala nilikiona kwa wauza vitabu vya mitumba kitabu kinene chenye picha za mashua za tanga. Nilikinunua kwa ajili ya picha tu. Nilipoanza kukisoma sikukiacha, nikarudi kutafuta vingine. Leo ninavyo sanduku zima: vya mafundo ya kamba, vya hali ya hewa, vya sheria za kupishana majini, vya kutafuta njia kwa dira na nyota, na kimoja kinachoeleza namna ya kulitega tanga kwa kila upepo. Ukiniuliza mashua mbili za tanga zikikutana ipi ipishe, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nimeweka akiba, na sasa fundi mmoja wa Kasenyi ananiundia mashua ndogo ya futi 14, yenye mlingoti, usukani na ubao wa kushusha katikati, kwa vipimo nilivyomtolea kitabuni. Itakuwa tayari kabla ya Krismasi. Nimepanga kwenda nayo Kalangala, mimi, mdogo wangu wa miaka 16 na rafiki yetu mmoja, tukale sikukuu kwa dada yetu aliyeolewa Bugala.

Shida ni baba. Ana mitumbwi miwili ya uvuvi, yote ya injini. Alizaliwa Musoma, na babu alikuwa na mashua ya tanga huko, ila baba alihamia huku akiwa kijana na mimi tangu nipate akili sijamwona na kitu kingine ila Yamaha. Kila akinikuta nasoma husema ziwa halisomwi kitabuni. Nilikuwa nayaacha yapite.

Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Simu yangu ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, na vitabu vyangu vyote vinasema mgandamizo ukishuka jiandae kwa dhoruba. Siku hiyo niliutazama tangu saa nne asubuhi. Ukawa unashuka tu, na ilipofika saa kumi jioni ulikuwa umeshuka karibu millibari nne. Baba na watu wake walikuwa wanapakia nyavu. Nikawaambia, mbele ya mwalo mzima, kwamba dhoruba inakuja, na kwamba atakayewatoa watu usiku ule atabeba damu yao. Vijana wa kazi wakaogopa, wakagoma. Usiku ziwa likawa shwari kabisa. Wenzetu wakarudi alfajiri na samaki, sisi tukawa na nyavu kavu. Baba hajanisemesha tangu siku hiyo. Akiwa na neno analipitishia kwa mama.

Mama naye kaka yake alizama upande wa Katosi kabla sijazaliwa. Ameniapia kwamba mashua ile ikiletwa ufukweni atalala mbele yake isiingie majini.

Mimi bado naona nilifanya sawasawa na vitabu, na afadhali kupoteza usiku mmoja wa kazi kuliko kupoteza mtu. Maswali yangu ni haya. Je, mtu anaweza kweli kujifunza ubaharia kwa vitabu? Nifanyeje ili baba aelewe kwamba elimu si matusi? Na kama kuna kitabu kingine napaswa kukisoma kabla ya safari, nielekeze ni cha namna gani. Niongeze kwamba kuogelea najua kidogo, pale penye kina cha kifua.

Msomaji wako wa Kigungu

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na safari, kwa sababu ina tarehe. Usiende Kalangala Krismasi hii na mashua ile. Chukua feri ya MV Kalangala pale Nakiwogo, wewe na mdogo wako, mkale sikukuu kwa dada yenu. Sababu nitazieleza, lakini hilo nimelitanguliza ili hata ukiishia kusoma hapa uwe umelipata.

Sasa tuje kwenye siku ile ya mwaloni, maana barua yako nzima imesimama juu yake. Vitabu havikukudanganya. Vimeandikwa na watu wa Uingereza na nchi za aina hiyo, ambako hali mbaya ya hewa huja na mizunguko mikubwa ya upepo yenye upana wa mamia ya kilomita. Mgandamizo ukianza kushuka kule, baharia ana saa nyingi za kujiandaa. Kwetu hapa karibu na ikweta hewa ina mwendo wake wa kila siku. Mgandamizo hupanda hadi kama saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, kisha hushuka hadi saa kumi alfajiri. Ni jua linalopasha anga linaloufanya hivyo, na tofauti ya millibari tatu au nne kati ya asubuhi na jioni ni ya kawaida kabisa. Kule kaskazini mwendo huo upo lakini ni mdogo, unamezwa na mabadiliko makubwa ya dhoruba zao, kwa hiyo mwandishi hakuona haja ya kukusumbua nao.

Ulichokiona siku ile, saa nne hadi saa kumi, kilikuwepo jana yake na kilikuwepo kesho yake. Usiniamini mimi. Chukua daftari, uandike kipimo cha simu yako kila baada ya saa mbili kwa wiki moja, na pembeni uandike upepo unatoka wapi na mawingu yako wapi. Utauona mwenyewe.

Dhoruba zetu ni za namna nyingine. Ni mawingu ya radi yanayokua na kufa ndani ya saa chache, na upepo wake wa baridi ukifika mgandamizo mara nyingi hupanda ghafla badala ya kushuka. Simu haitakuonya mapema. Kinachoonya ni macho, na saa ya siku. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kwenda pwani pande zote. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka kila upande wa pwani kwenda ziwani. Ziwa letu lina kilomita za mraba karibu 69,000. Upepo wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania ukikutana huko katikati, hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda na mvuke wa maji ya joto ndiyo radi inazaliwa. Ndiyo maana dhoruba mbaya za Ziwa Victoria ni za usiku kuelekea asubuhi, na ndiyo maana nyie wa Entebbe mvua kubwa huwakuta alfajiri ikitokea majini.

Baba yako hawezi kukuchorea hayo ubaoni. Lakini alipotazama anga saa kumi jioni ile akaendelea kupakia nyavu, alikuwa na sababu. Muulize alitazama nini.

Ukitaka kujua kipi kingine katika sanduku lako hakifai hapa, nitakutajia haraka. Sura za kupwa na kujaa ziruke, ziwa halina maji ya kupwa ya kumsumbua mwenye mashua. Nyota ya Kaskazini isahau, kwetu imelala kwenye upeo wa macho ndani ya ukungu na huioni. Kuna kanuni ya Mholanzi Buys Ballot ya mwaka 1857, bila shaka unayo: ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko kushotoni kwako kwenye nusu ya kaskazini ya dunia na kuliani kwenye nusu ya kusini. Kanuni hiyo inategemea jinsi mzunguko wa dunia unavyoupinda upepo, na kwenye ikweta upindaji huo haupo. Entebbe iko kilomita chache tu kaskazini ya mstari, na ukienda Kalangala unauvuka ukiwa majini. Kwenye maji yale kanuni haina kazi. Sura za baridi ya maji nazo zipunguzie uzito. Maji yetu yana nyuzi kama 24 au 25, hayakuui kwa baridi upesi kama yale ya kwao, ingawa mtu aliyeelea saa nyingi huchoka na kutetemeka hata hapa.

Yanayobaki ni mengi, na ni mazuri. Fundo ni fundo popote. Tanga hufanya kazi kwa namna ileile Mombasa, London na Kigungu. Uzito ukikaa juu mashua itapinduka, ukikaa chini itatulia. Sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano majini umezisoma vizuri, nina hakika: mwenye upepo wa kushoto humpisha mwenye upepo wa kulia, na wakiwa na upepo upande mmoja aliye joshini, upande upepo unakotoka, humpisha aliye demani, upande upepo unakokwenda. Lakini wengi huishia kwenye ile sentensi inayosema chombo cha injini kipishe cha tanga, wakaipenda, wasiendelee. Endelea. Chombo cha tanga nacho hukipisha chombo kinachovua, na maji yako yamejaa wavuvi. Usiku taa zile za wavua mukene, yaani dagaa, si pambo la ziwa, chini yake kuna nyavu na kuna watu, na wajibu wa kukaa mbali nazo ni wako.

Mimi nilikulia Mombasa kwenye mashua za tanga kabla ya kuhamia Jinja, kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu kwa moyo wote: kitabu kinafundisha ubaharia. Kinakupa utaratibu. Mtu aliyesoma akipanda chombo mara ya kwanza anajua atazame nini, na hilo humpunguzia miaka. Kisichowezekana ni kitabu kuufundisha mwili, na nitakuonyesha mahali penyewe.

Umekaa upande wa joshini, mkono mmoja usukani, mwingine umeshika demani, na hapa nasema ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Upepo wa ghafla unalipiga tanga, mashua inalala. Kitabu kimekuambia, na unaweza kunisomea ukurasa wenyewe: legeza demani, elekeza omo, yaani pua ya mashua, kwenye upepo. Ni mambo mawili tu. Lakini mwili wa mtu ukishtuka hukamata. Hukamata kilicho karibu, na kilicho karibu ni hiyo hiyo demani. Ukiikamata na kuivuta unalikaza tanga, mashua inalala zaidi, unakamata zaidi. Kabla hujakumbuka ukurasa uko majini. Hakuna anayezaliwa na mkono unaofunguka wakati wa hofu. Mkono huo hutengenezwa, kwa kurudia katika upepo mdogo, karibu na pwani, na mtu anayejua akiwa amekaa kando yako anakupigia kelele "achia!" hadi uchoke kumsikia. Na kwa sababu hiyohiyo, demani usiifunge kwenye ubao hata siku moja. Ishike mkononi.

Kwa hiyo badilisha namna ya kusoma. Kila sura igeuze kazi ya mikono kabla hujaifungua inayofuata. Ukisoma kile kitanzi kisichokaza, kifunge kwa kamba iliyolowa, gizani, ukijizungushia kiunoni, kwa mkono mmoja, maana siku utakayokihitaji hali itakuwa hiyo. Ukisoma kupunguza tanga, usingoje maji. Iweke mashua mchangani, omo kwenye upepo, tweka tanga, lipunguze, litue, litweke tena, hadi vidole vijue jarari, kamba ya kutwekea tanga, iko wapi bila macho. Wengi hujifunza kutweka tu. Kutua ndiko kutakakokuokoa, na tanga lisiloshuka haraka kwa sababu jarari imejikunja miguuni mwa watu limezamisha mashua zilizoundwa vizuri.

Kupinduka nako kuna somo lake. Ukimaliza sura hiyo, mwambie fundi akufungie madumu matupu ya lita 20 chini ya viti, yenye vifuniko vya kukaza, kamba juu yake. Kila dumu moja lina nguvu ya kubeba kama kilo 20 ndani ya maji, na kumi yakikaa sawa hata mashua ikijaa haitazama chini yenu. Kisha siku ya shwari, mtumbwi wa baba ukiwa karibu, jaketi okozi zikiwa zimefungwa mwilini na si kukaliwa kama mto, ipindue kwa makusudi. Achia demani, zunguka hadi chini ya mashua, panda juu ya ule ubao wa katikati, vuta ukingo hadi mlingoti utoke majini. Futa maji. Rudia kesho yake. Chagua mahali pasipo na matete, kwa ajili ya mamba na viboko, na umuulize baba ni wapi, si mimi. Na kabla ya hayo yote jifunze kuogelea vizuri. Entebbe ina mabwawa ya hoteli na watu wa kukufundisha. Kina cha kifua hakikufikishi popote ziwani.

Turudi Kalangala. Visiwa vya Ssese viko kusini-magharibi mwa Entebbe. Mchana upepo wenu hutoka ziwani, upande wa kusini. Yaani safari ya kwenda karibu yote ni ya kubisha, kwenda kinyume na upepo, na mashua inayobisha huenda mshazari, mara kulia mara kushoto, hata kilomita 10 za ramani zinakuwa zaidi ya 14. Feri hutumia takriban saa tatu na nusu kwa injini, tena kwa njia iliyonyooka. Mashua ya futi 14 yenye watu watatu na mizigo ya sikukuu, ikibisha, haitafika hata nusu ya mwendo huo. Ukiondoka asubuhi giza linaweza kukukuta njiani, na giza ndiyo saa ambayo upepo wa pande zote unaanza kukutana kule katikati. Ungeiona hesabu hii wewe mwenyewe, maana umesoma pembe za upepo kunishinda. Uliisoma kama elimu ya mashua, hukuiweka juu ya ramani ya kwenu.

Mdogo wako wa miaka 16 simkubali kabisa. Akili yake inakufuata wewe, hawezi kukwambia hapana.

Sasa baba. Umeniandikia sentensi moja ukaipita mbio: babu alikuwa na mashua ya tanga Musoma. Mtoto wa kiume wa mwenye mashua, zamani zile, alikuwa anafuta maji, anashika demani, anapanda kukalia ukingo upepo ukizidi. Inawezekana kabisa mkono ule unaofunguka wakati wa hofu, ambao hakuna ukurasa utakaokupa, uko nyumbani kwenu unakula chakula chake bila kukusemesha. Umeuliza vitabu vya watu wa mbali kila kitu. Yeye umemuuliza nini?

Usimtumie mama. Na usiende kuomba radhi chumbani, kwa sababu neno ulilisema mbele ya mwalo. Nenda jioni wakipakia nyavu, vijana wale wale wakiwepo. Mwambie baba kwamba kipimo ulikisoma vibaya, kwamba hewa hushuka hivyo kila siku saa hizo, na kwamba neno la damu hukupaswa kumwambia mzazi. Wale vijana walipoteza mgao wao wa usiku ule. Una mshahara, toa kitu. Kisha nyamaza. Asipojibu siku hiyo, rudi kesho ukabebe nyavu. Akilegea, muulize kuhusu mashua ya babu: tanga lilikuwa la namna gani, walijuaje upepo unageuka, walilitua vipi. Nenda na yale maswali uliyoandika pembeni ya vitabu. Akikubali kuja Kasenyi kuitazama mashua kabla fundi hajaimaliza, sikiliza atakachosema kuhusu mlingoti, hata kama hakipo kwenye vipimo vyako.

Na wewe mzee, ikiwa mtu anakusomea ukurasa huu: kijana wako alikosea kipimo, hakukosea nia. Aliogopa watu wasife. Tarehe 24 Novemba 2018 ile boti ya starehe MV Templar ilipozama upande wa Mukono wakafa watu zaidi ya 30, hakuna aliyehitaji elimu ya nyota. Chombo kilikuwa kibovu na kimejaza kupita kiasi, mambo ambayo kila kitabu katika sanduku la kijana wako kinayakataza ukurasa wa mwanzo. Hapo vitabu vina haki juu yetu sisi wa majini, tunaopanda bila jaketi kwa sababu tumezoea. Mwache akukaguie mitumbwi yako miwili. Akisema jaketi hazitoshi, nunua.

Mama mwambie ukweli wote, pamoja na masharti haya niliyokupa, na umpe haki ya kuyashikilia. Aliyezikiwa kaka na ziwa hatulizwi kwa maneno. Atatulia akikuona unaogelea.

Ukitaka watu wa tanga wa kukaa nao, nenda Kaazi, nje kidogo ya Kampala, ilipo Victoria Nyanza Sailing Club. Mashua nyingi za mashindano zinahitaji mtu wa pili. Jieleze kwamba umesoma lakini hujawahi kushika demani, uombe kukaa kama wa pili. Mwenye chombo akikupa nafasi utajifunza kwa mchana mmoja mambo uliyoyapigia mstari mwaka mzima. Na kila unapotoka, tazama utabiri rasmi wa hali ya hewa ya ziwa, kisha uulize wavuvi waliorudi alfajiri. Vyote viwili.

Swali la mwisho, kitabu gani kifuate. Cha huduma ya kwanza, na uanze na sura ya aliyezama. Kule mialoni bado nawaona watu wakimtoa mtu majini wakamninginiza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Hayo humchelewesha na yanaweza kumuua. Asiyepumua analazwa chali mahali pagumu, kichwa kinarudishwa nyuma kidogo, pua inabanwa, anapuliziwa pumzi kwanza, ndipo kifua kinasukumwa, bila kukoma hadi msaada ufike. Sura hiyo jifunzeni pamoja, wewe na wale vijana wa kazi, kwa mikono. Na kwa kuwa utakuwa unaingia majini mara kwa mara, pita kituo cha afya upimwe kichocho. Dawa yake ipo na ni ya kumeza.

Mjomba